Kibao cha Zuhura na Mistari Yangu Saba

Jumatatu, 3 Februari

Kibao kimekufa tena. Mara ya tatu tangu Ijumaa. Nilikuwa chini dukani nikikausha kompyuta ya mteja iliyomwagikiwa chai ya maziwa, nikasikia Zuhura anagonga sakafu kwa kisigino. Gonga mbili maana yake panda. Gonga tatu maana yake panda, na usijifanye hukusikia. Leo zilikuwa tatu.

Nayaandika yote tangu mwanzo, nisije nikajidanganya baadaye. Zuhura ni dada yangu, ana miaka arubaini na miwili, haoni tangu utotoni. Tunakaa nyumba ya mama hapa mtaani Kuze, mimi chini na vyuma vyangu, yeye juu na kazi yake. Kazi yenyewe ni mpya. Kampuni moja ya vitabu ya Nairobi inamtumia kurasa, yeye anazisahihisha. Anasoma kwa kibao cha nukta nundu kilichochomekwa kwenye tundu la USB. Vijipini vinapanda na kushuka chini ya vidole vyake, mstari kwa mstari. Kibao kikifa, vijipini vyote vinalala, na ukurasa unakuwa bati tupu. Kompyuta yaweza kumsomea kwa sauti, kweli. Lakini sauti haimwambii koma iko wapi.

Yuko kwenye majaribio. Mwisho ni Ijumaa ya tarehe 21. Wakiridhika naye, kazi ni yake. Wasiporidhika, atarudi kukaa dirishani akisikiliza maisha ya watu wengine yakipita kichochoroni. Hayo ni maneno yake.

Na mfumo unaoendesha kompyuta yake niliuweka mimi, mwezi uliopita, kwa mbwembwe. "Huu hauna virusi, Zuhura. Huu hauchoki." Kisha nikamkumbusha, kwa mara ya mia, kwamba ndani ya mfumo huo mna mistari yangu saba ya programu, niliyoiandika nikawatumia wenye mfumo. Barua ya kukubaliwa kwa mistari hiyo nimeitundika sebuleni ndani ya fremu, karibu na picha ya babu. Zuhura hajaiona. Ameisikia kwa kila mgeni.

Jumanne, 4 Februari

Nimebadilisha waya. Nimebadilisha tundu. Nimepuliza vumbi mpaka nikapiga chafya saba. Adhuhuri kimekufa. Alasiri kimekufa.

Kukifufua ni lazima kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Hapo ukurasa aliokuwa nao unafungwa saa nzima, maana kule Nairobi mtambo wao unadhani bado anao. Msimamizi wake, Bi Wairimu, ameandika kwa adabu kuuliza mbona hutoweka mchana. Zuhura amejibu ni matatizo ya mitambo.

"Mitambo ndiyo wewe," akaniambia.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepata! Nimeketi na kumbukumbu za kompyuta tangu asubuhi. Mashine huandika kila kinachoisibu. Kila siku mara mbili: "kifaa hakijibu." Mara ya kwanza saa saba kasoro dakika chache. Mara ya pili saa kumi na kitu. Nikajiuliza ni nini hutokea Kuze mara mbili mchana, kila siku, kwa saa zile zile. Jibu likatoka lenyewe, tena kwa sauti kubwa, juu ya paa langu.

Adhana.

Msikiti na nyumba yetu vinaegemeana ukuta. Spika imekaa juu ya paa, waya wake unapita chini ya dirisha la Zuhura. Spika ikiwaka inavuta umeme, umeme unayumba, tundu la USB linazimia. Ni kweli kwamba kibao hufa dakika ishirini baada ya adhana, si papo hapo. Nimejieleza kwamba athari hujikusanya. Nataka iwe hivyo. Nimechoka.

Jumamosi, 8 Februari

Mwangangi amekuja na mita yake. Huyu ni Mkamba, rafiki yangu wa siku nyingi, alikuwa fundi umeme bandarini, sasa ana karakana Makupa. Zuhura humpenda kwa sababu hunicheka bila kujificha.

Tukangoja adhuhuri. Spika ikawaka, mshale wa mita ukashuka kidogo.

"Hiyo hapo!" Mwangangi akasema. "Bwana Omari, mimi si mtu wa dini yenu, lakini hii spika yenu inakula."

"Basi twende pamoja tukamwambie mwadhini."

"Twende na nani? Mkamba aende kuzima adhana Kuze? Mimi bado naupenda uhai wangu."

Akala mahamri sita akaenda zake.

Jumapili, 9 Februari

Nimekwenda. Nilizunguka msikiti mara mbili kwanza, kama mtu aliyepoteza kiatu.

Ustadh Shee ndiye mwadhini wetu. Alinichapa chuo cha Kurani nikiwa na miaka minane, na mpaka leo nikimwona magoti yanakumbuka.

"Wataka nizime adhana," akasema.

"Si adhana, Ustadh. Spika tu."

"Kwa ajili ya kompyuta."

"Ya Zuhura."

Jina hilo lilimlegeza. Zuhura alihifadhi juzuu nyingi mbele yake, kwa kusikia peke yake, akiwapita wavulana wote, nikiwemo mimi.

"Kwa Zuhura, adhuhuri moja. Moja, Omari. Na watu wakiniuliza, nitawaleta mlangoni kwako."

Jumatatu, 10 Februari

Adhana imetolewa kwa mdomo mtupu. Ustadh Shee alipanda ngazi, mkono sikioni, akaadhini kwa sauti ile ya kale. Ilikuwa nzuri. Ilifika mpaka kona ya kwanza.

Wazee wa barazani hawakusikia. Muuza halua hakusikia. Watu wamekuja msikitini rakaa mbili zimekwisha, wakipigana vikumbo mlangoni na viatu mkononi.

Na kibao kimekufa vilevile.

Aibu. Sina neno jingine. Nimepita barazani nikiangalia vidole vya miguu yangu, muuza halua akaniita: "Fundi! Leo umetuzimia msikiti. Kesho watuzimia nini, jua?"

Bi Wairimu ameandika tena. Safari hii adabu imepungua.

Jumatano, 12 Februari

Hakikufa jana. Hakikufa leo. Jumatatu, kwa kukata tamaa, niliuzungushia waya wa kibao karatasi ya fedha niliyoitoa kwenye pakiti ya biskuti. Kumbe ndiyo dawa. Zuhura anafanya kazi tangu saa mbili mpaka saa kumi na moja bila kukatika.

Nimempigia Mwangangi. Nimempigia na mteja wa chai ya maziwa, ambaye hakuuliza.

Alhamisi, 13 Februari

Siku ya tatu kibao ki hai. Nilikuwa juu namweleza mteja mwingine kwenye simu habari za karatasi ya fedha. Nilipokata, Zuhura akasema bila kuinua vidole kwenye kibao:

"Kaka. Si karatasi."

"Ni nini basi?"

"Siku hizi siinuki."

"Huinuki kwenda wapi?"

"Kaka."

Nikaelewa. Mwanamke ana siku zake za mwezi, na siku hizo sala imemwondokea. Nikatazama dari, kama kwamba angeweza kuniona nikimtazama. Yeye akaendelea kusoma. Masikio yalinichoma mpaka nikashuka ngazi.

Chini dukani ndipo akili ilipotulia. Haikuwa adhana. Ni yeye kuondoka kitini. Anatawadha, anasali, anavuta uradi, dakika ishirini kibao hakiguswi. Chai yake hunywa hapo hapo mezani, chakula huletewa. Mchana kutwa, sala ndiyo peke yake inayomtoa kwenye kiti. Kisipoguswa, kompyuta inakilaza kibao ili kuokoa umeme. Akirudi, hakiamki.

Wiki mbili za mita, waya na fitina za msikiti zimetatuliwa na jambo ambalo kaka hapaswi kuuliza.

Ijumaa, 14 Februari

Nimepima kwa saa ya mkononi. Dakika tisa bila kuguswa, kibao kizima. Dakika kumi, kinalala. Ukikigusa, kimekufa.

Basi kosa liko kwenye kiendeshi, ile programu ndogo ndani ya mfumo inayosemeshana na tundu la USB. Mfumo huu uko wazi, yeyote anaweza kusoma ulivyoandikwa. Nikafungua, nikateremka, nikafika mahali penyewe. Mistari saba. Inasema: kifaa kikikaa dakika kumi, kilazwe. Kikiamshwa, kipewe kitambo kidogo mno cha kuitika. Kisipoitika, kihesabiwe hakipo.

Nilitukana. Nikasema huyu ni mpumbavu gani. Kuna amri ya kuiuliza mashine kila mstari umeandikwa na nani. Nikauliza.

Jina langu. Na la baba, na la babu.

Nimekwenda kusali Ijumaa. Sikusikia khutba.

Jumamosi, 15 Februari

Nakumbuka vizuri. Miaka ile umeme ulikuwa ukikatika kila mara, na kompyuta yangu ilikuwa na betri ya kuombea dua. Nikaona: matundu yasiyo na kazi yalale. Nikaandika, nikatuma, wakakubali. Nilinunua fremu siku hiyo hiyo.

Nilijaribu kwa kipanya. Nilijaribu kwa flashi. Nilijaribu kwa printa ya jirani. Vyote viliamka haraka kama watoto siku ya Idi. Kibao ni kizito, kinashusha vijipini vyote kwanza ndipo kiitike. Zuhura alikuwa chumba cha juu, ana kibao chake, anatumia mfumo mwingine. Ngazi kumi na tatu. Sikupanda.

La haki ni kuwaandikia wasimamizi wa mfumo mistari ifutwe. Lakini ndiyo mistari yangu yote. Sina mingine. Nina miaka hamsini na mmoja na kitu kimoja cha kuonyesha wageni.

Kuna njia fupi. Kompyuta yake peke yake yaweza kuamriwa isilaze tundu lolote. Neno moja kwenye mipangilio. Nimeliweka.

"Nimerekebisha," nikamwambia.

"Ilikuwa nini?"

"Mambo ya ndani ya mfumo."

Hakuuliza zaidi. Ningependa angeuliza.

Jumatatu, 17 Februari

Zuhura ameinuka adhuhuri, akarudi, vijipini vikapanda. Alasiri vivyo hivyo. Nimetembea mpaka Ngome ya Yesu kula viazi karai kwa furaha. Palikuwa na mwongoza watalii anayewasimulia wageni mambo ambayo hayakutokea, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Nikamwona ni ndugu yangu.

Viazi sikuvimaliza. Vibao kama kile viko vingi duniani. Kuna mtu mahali fulani sasa hivi anabadilisha waya.

Jumanne, 18 Februari

Siku mbaya.

Kompyuta ya Zuhura imejisasisha yenyewe asubuhi. Nilikuwa nimeipanga ijisasishe, kwa ujuzi wangu. Mfumo ukaja mpya, mipangilio yangu ya Jumamosi ikafutika, mistari saba ikabaki mahali pake.

Saa saba alikuwa na miadi ya kumsomea Bi Wairimu ukurasa kwa simu, huku Bi Wairimu akifuatilia. Ndiyo mtihani wenyewe. Zuhura akasali mapema, akaketi, akaweka vidole. Bati tupu. Nilisikia kisigino. Sikuhesabu mara ngapi.

Nilipofika juu alikuwa ameshika simu, uso umegeuka dirishani. Bi Wairimu alikuwa akiita, "Zuhura? Bi Zuhura, uko hapo?" Kuzima na kuwasha kulichukua dakika nne. Nilizihesabu zote kwa saa ya ukutani. Bi Wairimu akamfungulia ukurasa mwenyewe kutoka Nairobi; Zuhura aliposoma alisoma vizuri, lakini Bi Wairimu alisema tu, "Haya. Tutakujulisha Ijumaa."

Nikamwambia. Nilibaki nimesimama, nikamwambia yote.

"Ni ile mistari ya kwenye fremu?"

"Ndiyo."

"Ile ya wageni?"

"Ndiyo."

"Na Jumamosi ulijua."

"Nilijua."

Nilitaraji acheke, kama kawaida yake. Hakucheka. Akasema, "Shuka, kaka. Nina kurasa."

Jumatano, 19 Februari

Nimefunga duka. Nimehamia juu na kompyuta yangu. Hakunikaribisha wala hakunifukuza.

Nimeifuta mistari saba. Mahali pake nimeandika kwamba kifaa kisilazwe mpaka chenyewe kimeonyesha kinaweza kulala, na kikiamshwa kingojwe mpaka kiitike. Kisha nikamwomba Zuhura ajaribu. Yeye, si kipanya.

Hahitaji saa. Alinyoosha tasbihi, akahesabu uradi wake, na alipofika mwisho nikatazama: dakika kumi na nusu. Akagusa. Kimekufa.

Nikaandika upya. Tasbihi tena. Kikaamka nusu, vijipini vya kulia vimelala. "Huyu kapooza," akasema. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu jana ambalo halikuwa ndiyo au la. Nilifurahi kupita kiasi.

Tasbihi ya tatu. Akaweka vidole. Nikasikia vijipini: tik, tik, tik, kama mvua ya kwanza kwenye mabati.

"Tena," akasema. Tukarudia mara tano. Karatasi ya biskuti nimeitupa.

Nikamwandikia msimamizi wa sehemu ile ya mfumo. Ni mwanamke wa nchi ya baridi nisiyemjua sura, sifa yake ni ukali. "Mistari hii saba niliiandika mimi. Ina kosa. Inawakatia njia wanaosoma kwa vidole. Naomba ifutwe, na marekebisho haya yachukue mahali pake." Zuhura alinitaka nimsomee kabla sijatuma. Akaongeza koma moja.

Alhamisi, 20 Februari

Sijatulia. Nimefagia duka mara mbili. Nimeipa kompyuta ya chai ya maziwa vitufe vilivyopangwa vibaya, nikaving'oa, nikavipanga tena.

Nikaenda kumwomba radhi Ustadh Shee.

"Kwa hivyo spika haina kosa," akasema.

"Haina, Ustadh."

"Mwenye kosa ni nani?"

"Mimi."

"Basi hayo ukayaseme barazani. Spika haikutukanwa hapa."

Nikaenda barazani nikayasema. Muuza halua aliniambia niseme tena kwa sauti, kuna mzee hakusikia. Mzee alisikia vizuri sana.

Jibu la yule mwanamke wa nchi ya baridi limekuja baada ya alasiri. "Asante. Wengine walilalamika pia, kila mmoja akilaumu kitu tofauti. Sasa naona ni kimoja. Mistari imefutwa, marekebisho yamepokelewa." Hakuna neno la kunifariji. Nilitafuta.

Kwa Zuhura nimekwisha kuweka kiendeshi kipya tangu jana. Leo sala mbili, kibao kimeamka mara mbili. Lakini ya Jumanne yamekwisha kutokea.

Ijumaa, 21 Februari

Barua ilifika nikiwa nimetoka msikitini. Nilisikia kompyuta yake ikilia juu, nikasimama kwenye ngazi. Sikupanda. Hii si yangu kuisoma.

Kimya. Kisha vijipini, tik, tik. Kisha vikaacha, nami nikashika ukuta.

Gonga mbili.

Nikapanda. Alikuwa amekaa wima, mikono yote juu ya kibao.

"Wamenichukua," akasema.

Nikaketi sakafuni, karibu na kisigino chake.

"Bi Wairimu anasema nilisoma ule ukurasa bila kosa, na kwamba mitambo nitaitengeneza. Halafu barua yenyewe amekosea koma mbili." Akatabasamu. "Nitamwambia Jumatatu."

Nimempigia Mwangangi. Anasema anakuja kula mahamri ya kheri.

Jumatano, 26 Februari

Nilikuwa nimeazimia kuishusha fremu. Jumamosi nilipoishika, kidole kikagusa kitu juu ya kioo. Kipande cha karatasi ngumu, kina nukta nundu. Amekibandika Zuhura.

"Umeandika nini?"

"Soma."

"Sijui kusoma hii."

"Miaka yote hii nyumba moja, hujui?"

"Sijui."

"Basi jifunze. Na bila macho."

Tangu hapo kila alasiri, duka likipoa, nakaa chini ya fremu na kadi ya herufi aliyonipa. Nafumba macho. Vidole vyangu vimezoea kuchoma risasi ya kuungia nyaya, havisikii kitu. Nilidhani ni tusi. Nilijitayarisha kwa tusi.

Leo nimezisikia. Ni herufi nne tu. Nukta mbili, moja juu na moja chini. Kisha nukta moja peke yake. Kisha mbili. Kisha moja.

KAKA.

Amenichagulia herufi nyepesi.

Juu alikuwa anasali. Nikamsikia anamaliza, anavuta kiti, anaketi. Nikasubiri kisigino. Hakikuja. Vijipini vikapanda, naye akaendelea na kazi yake.